Punje Mbili za Tunda Moja

Egbert hakuwahi kukasirika. Hata siku moja. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyatamka kwenye kipaza sauti katika kila harusi aliyoisherehesha, kuanzia Kayanga hadi Kibingo.

"Mabibi na mabwana, mnayemwona hapa ni MC Egbert, mtoto wa Nyabiyonza, moyo wa barafu! Nitukaneni, nitacheka. Ninyimeni pilau, nitacheka. Siku mkiniona nimenuna, nendeni nyumbani mkachukue mbuzi wa baba!"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na mbuzi wa baba yake, Mzee Habumugisha, akaendelea kunenepa bila wasiwasi. Laiti mbuzi huyo angejua yatakayotokea Jumamosi ile, angeanza kuwaaga wenzake mapema.

Ilikuwa siku ya posa. Egbert alisimama getini kwa Mzee Rogasian, pale Bugene, amevaa suti yake ya kazi, ile nyeupe yenye kola inayong'aa. Kulia kwake alikuwa mjomba wake Gaspari, mshenga, mzee mpole aliyekuwa akirudia hotuba yake chini kwa chini kama mtoto anayekwenda kipaimara. Kushoto alikuwa dada yake Nikuze, amebeba galoni la mramba. Maji hayo ya ndizi yalikuwa matamu tu, hayajachachuka, maana mwenye nyumba alikuwa Mlutheri wa kutoka Muleba asiyetaka kusikia harufu ya pombe hata msibani.

"Zineb atapiga," Nikuze alisema akihamisha galoni mkono wa pili. "Ameapa lazima aione posa kwa macho yake."

"Mwambie mtandao wa Bugene mbovu."

"Mtandao uko sawa."

"Basi zima simu."

"Kaka, mbona unatoka jasho?"

"Suti nzito hii," Egbert alijibu, akabisha hodi kabla hajaulizwa jingine.

Sasa, ili Zineb asikupite, turudi nyuma kidogo, hadi Moroko.

Benitha, binti wa Mzee Rogasian, alikuwa akisimamia nyumba ya wageni ya baba yake pale Kayanga. Nikuze alikuwa akiwatembeza wageni kwenye mashamba ya kahawa ya Nyabiyonza. Kila mmoja aliomba kivyake nafasi katika kambi ya vijana wanaojifunza kupokea watalii, na wote wawili wakapata. Walipokutana uwanja wa ndege, kila mmoja alitamani ndege iharibike. Nikuze alimwona Benitha kuwa binti wa kishua anayemchezea kaka yake. Benitha alimwona Nikuze kuwa wifi aliyeripoti kazini kabla ya harusi.

Kambi ilikuwa kwenye kijiji cha pwani ambako nusu ya watu huvua samaki na nusu nyingine husimama juu ya mbao wakateleza na mawimbi makubwa kama nyumba. Kwa bahati mbaya iliyopangwa vizuri, wawili hao walipewa hema moja. Wakatandaza taulo katikati, kama mpaka, na atakayevusha hata kandambili ajibu. Mchanga uliingia kwenye mkate, upepo ulitikisa hema usiku na mchana, na hakuna aliyemwambia mwenzake pole. Aliyekuwa akizungumza na wote wawili ni Zineb, mwalimu wao wa mawimbi, msichana wa kijijini pale mwenye kicheko cha kuamsha kambi, aliyemimina chai ya mnanaa kutoka juu kabisa utadhani anamwagilia bustani.

Kisha siku moja wimbi lilimpiga Benitha, kamba ya ubao ikamnasa mguu, bahari ikamvuta kwenye mawe. Zineb alikuwa mbali. Aliyeruka majini ni Nikuze, ambaye kuogelea alijifunzia Mto Kagera kwa sababu ya kukatazwa. Alimshika Benitha nywele, akamburuta hadi mchangani, wakaanguka pale magoti yao yote yakivuja damu.

"Umening'oa nywele!" Benitha alilia.

"Nikurudishe?" Nikuze aliuliza.

Wakacheka. Wakacheka hadi wakakohoa maji ya chumvi. Jioni ile taulo iliondoka katikati ya hema. Benitha alitoa kifurushi cha kahawa ya kutafuna alichopewa na bibi yake, akachagua tunda moja, akalipasua. Ndani yake mlikuwa na punje mbili zilizolala kifua kwa kifua. Kila mmoja akaigusisha punje yake kwenye jeraha la goti lake, akampa mwenzake ameze. Kambi nzima ikashangilia. Kuanzia siku hiyo wakawa wanaitana dada, na waliporudi nyumbani Benitha alimkimbilia bibi yake, akamwonyesha kovu na kumsimulia ile kahawa kwa furaha: "Bibi, nimepata dada!"

Bibi alilitazama kovu lile kwa muda mrefu. Hakucheka.

Haya, turudi Bugene.

Sebuleni kwa Mzee Rogasian viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe, na wageni wakaogopa kuegemea. Waliamkia, "Shikamoo baba, shikamoo bibi," wakaitikiwa. Bibi Auleria, mama yake Mzee Rogasian, alikuwa amekaa kwenye mkeka badala ya kiti, amejifunga kitenge mabegani, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna mbele yake. Aliwapa wageni, kila mtu punje chache. Egbert akazirusha juu na kuzidaka kwa mdomo, moja baada ya nyingine. Bibi akatabasamu kidogo. Mzee Rogasian hakutabasamu hata kidogo.

Benitha aliingia na sinia la soda. Alikuwa amevaa gauni la kijani lililomkaa kama lilishonwa na mtu anayempenda. Egbert, ambaye alikwisha kuwaita mbele za watu maharusi wasio na idadi na kuwasifia wote urembo, aligundua kwamba alikuwa akisema uongo miaka yote hiyo. Mrembo ndiye huyu. Benitha aliinama kumpa chupa. Vidole vyao vikagusana, vikachelewa kuachana.

"Karibu soda, mpenzi," alinong'ona.

Egbert akasahau kutafuna.

Mjomba Gaspari alisimama, akakohoa, akatoa hotuba yake yote bila kosa: kwamba wameona ua katika bustani ya nyumba hii, kwamba wana kijana asiye na ua. Alipokaa, Mzee Rogasian aliweka miwani mezani.

"Mmesema vizuri. Na mimi sina neno baya juu ya kijana. Mchangamfu, anajituma. Lakini haiwezekani. Binti yangu hawezi kuolewa na kaka yake."

Egbert alicheka kicheko kile cha jukwaani, cha kuwachekesha hata walio nje ya turubai. Hakuna aliyemfuata. Kicheko kikabaki peke yake katikati ya sebule.

"Kaka yake kivipi, mzee?" Gaspari aliuliza. "Huyu amezaliwa Nyabiyonza, kwa Habumugisha. Nilikuwepo."

"Mama, waeleze."

Bibi Auleria alikiweka kikapu kando. "Sisi kwetu, watu wakigawana tunda moja la kahawa lenye damu zao, wamenywana. Ule ni omukago, mwanangu. Wamekuwa ndugu, si wa maneno tu. Damu ya Benitha imo tumboni mwa Nikuze, na ya Nikuze imo kwa Benitha. Nikuze ni mjukuu wangu, namkaribisha. Sasa kaka wa mjukuu wangu ni nani kwangu?"

Nikuze aliweka mkono mdomoni. Benitha alikuwa amesimama mlangoni na sinia tupu, amelikumbatia kama ngao.

"Bibi," Egbert alisema, bado akijaribu kutabasamu, "ule ulikuwa mchezo. Watoto wa kambini."

"Damu ilikuwa ya mchezo?"

"Hapana, lakini..."

"Basi."

Egbert alimgeukia Mzee Rogasian, na hapo barafu ya moyo wake ikaanza kuchemka. "Mzee, wewe ni mzee wa kanisa! Majuzi jirani yako alimleta mganga, ukamkemea mpaka akahama. Leo umeanza kuamini damu kwenye kahawa?"

"Mila njema haigombani na kanisa."

"Njema kwako!"

"Punguza sauti, kijana, hapa si ukumbini." Mzee Rogasian alijiegemeza kwa raha, kana kwamba amesubiri siku hiyo kwa hamu. "Nitakwambia ukweli. Tangu Pasaka nimekuwa nikitafuta sababu ya heshima ya kukukatalia. Mtu unayepata riziki kwa maneno ya mdomo, leo harusi, kesho hakuna harusi, wewe utamlisha binti yangu vichekesho? Nilikuwa sijapata sababu. Mama akaniletea."

"Kumbe!" Egbert alisimama. Chupa ya soda ikaanguka, ikatapika kwenye zulia. "Kumbe hata huamini! Unajificha kwenye kitenge cha bibi!"

"Egbert, kaa," Gaspari alimvuta koti.

"Sikai! Mjomba, niache! Nimevumilia dharau za nyumba hii, nikija naambiwa nipitie mlango wa nyuma kama muuza mkaa, nacheka. Naulizwa kazi yangu ni nini hasa, nacheka. Leo nimechoka kucheka!"

Mbuzi wa Mzee Habumugisha, kule Nyabiyonza, bila shaka alipiga chafya.

Na hasira ikishatoka haichagui pa kwenda. Egbert alipotazama pande zote akitafuta wa kumbebesha mzigo, jicho lake lilimwangukia aliyempenda kuliko wote.

"Na wewe Benitha! Wewe ndiye umetufikisha hapa! Umeenda huko kwa watu kucheza na mawimbi, umeshindwa hata kuficha jambo dogo, ukaja mbio kumwonyesha bibi! Nani alikutuma ukale kahawa na dada yangu?"

Benitha aliliweka sinia juu ya kabati, polepole sana.

"Rudia."

"Nani alikutuma?"

"Rudia tena, Egbert. Nataka nisikie vizuri. Nani alinituma?"

Macho yao yakakutana. Ni wale wale ambao muda mfupi uliopita vidole vyao vilichelewa kuachana. Ila sasa ya Benitha yalikuwa yamejaa maji yanayokataa kumwagika, na ndani ya maji yale mlikuwa na moto. Egbert ndiye aliyeyahamisha macho kwanza. Akaanza kusoma kalenda ya ukutani, picha ya ng'ombe wa maziwa na kila kitu.

"Simuulizi mtu, nasema tu," alinung'unika.

"Aliponitoa majini," Benitha alisema, "huyu Nikuze hakuuliza nani amenituma. Nilikuwa nakufa. Unaelewa maana ya kufa? Nililala mchangani nikamwona yeye, aliyenichukia kwa ajili yako, analia kwa ajili yangu. Nilichompa ndicho kitu pekee cha nyumbani nilichokuwa nacho. Sijuti. Hata leo, mbele ya hii soda yako uliyomwaga, sijuti."

"Wala mimi," Nikuze alisema. "Na kaka, kama unatafuta wa kumlaumu, naomba uanze kumtafuta karibu."

"Wewe nyamaza!"

"Huninyamazishi! Nimekunyamazia vya kutosha tangu getini."

"Tulieni." Bibi Auleria aliinua mkono, na wote wakanyamaza, hata Mzee Rogasian aliyekuwa akifurahia zulia lake kuharibiwa kwa kuwa ni ushahidi dhidi ya kijana. "Kuna jambo sijauliza. Damu peke yake haifungi kitu. Watoto hukwaruzana kila siku wakicheza, wakaramba vidole. Lazima awepo mtu wa tatu wa kutamka maneno. Yeye ndiye anayefunga. Asipokuwepo, walikula kahawa tu." Alimtazama mjukuu wake. "Benitha, nani aliwasemea maneno?"

Benitha alifungua mdomo. Akamtazama Egbert. Akaufunga.

"Bojo, nakusihi, nimeuliza."

"Aulizwe Egbert," Benitha alisema.

"Mimi?" Egbert alicheka haraka haraka. Lakini akili yake, ile iliyozoea kumwokoa katikati ya sherehe umeme ukikatika, ilikuwa imekwisha kuuona mlango. "Bibi, hakuna aliyesema kitu. Wasichana wawili na kahawa yao. Nikuze mwenyewe alinisimulia. Wamekula, wamelala, kesho wamerudi kwenye mbao zao. Hakuna mtu wa tatu."

"Una hakika?"

"Kabisa."

"Egbert," Benitha alisema, kwa sauti ndogo kuliko zote za siku hiyo. "Mwangalie Bibi usoni. Mwambie tena."

Ilikuwa nafasi. Alipewa kwa upendo, hadharani, na mwanamke aliyekuwa tayari kusimama naye hata kama mambo yangeharibika. Egbert alimwangalia Bibi usoni.

"Naapa kwa kipaza sauti changu, Bibi. Kama nadanganya, kiungue katikati ya harusi ya askofu."

"Maaskofu wetu wana wake," Bibi alisema, "kwa hiyo ni kiapo kizito." Akavuta kikapu chake karibu. "Haya. Basi hakuna omukago. Walikula kahawa."

"Mama!" Mzee Rogasian aliruka.

"Nimesema. Mila haiongezewi chumvi kwa sababu humpendi mtu. Wapokee wageni."

Mjomba Gaspari alijipiga paja kwa furaha. Egbert alikaa, akakunja nne, akaokota punje ya kahawa kikapuni, akairusha juu na kuidaka kwa mdomo. Rangi ilimrudia. Na ulimi, ole wake, nao ukamrudia.

"Mnaona?" alisema. "Tungemaliza haya tangu mwanzo bila kelele. Benitha, siku nyingine ukipiga kambi ugenini, kabla ya kumeza kitu uliza kwanza wenye akili."

Nikuze alimtazama kaka yake kama mtu anayetazama chakula kilichoangukia vumbini. Benitha hakumtazama kabisa. Yale maji machoni pake yalikuwa yamekauka, na ulibaki moto peke yake.

Simu ya Nikuze ikalia.

Ilikuwa mkononi mwake, inawaka, na kwenye kioo palikuwa na uso wa msichana mwenye pua iliyoungua jua. Egbert alishtuka. "Usipokee. Tuko kwenye mazungumzo ya watu wazima."

Kidole cha Nikuze kilisimama hewani. Alimtazama Benitha. Wawili wale, ambao zamani walishindwa kugawana hema, sasa waliulizana na kujibizana bila neno moja. Benitha alijua kilichokuwa upande wa pili wa simu ile. Alijua itakachompa na itakachomnyang'anya. Alilitazama gauni lake la kijani, akalinyoosha kwa kiganja.

"Pokea, dada," alisema.

"Shikamoo Bibi!" Sauti ya Zineb ilijaa sebule, nyuma yake bahari ikinguruma. Alikuwa na vile Viswahili vichache alivyofundishwa na wawili wale hemani. "Habari posa? Posa safi?"

"Marahaba, mwanangu," Bibi aliitikia, akiisogelea simu kwa udadisi. Nikuze akaigeuza taratibu ionyeshe sebule nzima: Mzee Rogasian, mjomba Gaspari, zulia, suti nyeupe.

"Aaaa!" Zineb alipiga kelele za shangwe. "Padri! Padri wa kahawa!"

Egbert alitikisa kichwa. Alipunga mikono kumkataza. Zineb, kule pwani, akadhani anamwomba afanye. Akachukua kijiko cha chai, akakigonga mara mbili kwa kidole, akakisogeza mdomoni, akatunisha kifua na kunyoosha kola ambayo hakuwa nayo. Kila mtu aliyewahi kuhudhuria harusi Karagwe angemtambua aliyeigwa.

"Halo, halo, moja mbili!" Zineb alitangaza, kila neno likitoka zima kama alivyomsikia Egbert akilitamka kwenye simu ya Benitha jioni ile hemani. "Mabibi na mabwana! Tumbo moja, jiko moja, kilio kimoja! Mimi MC Egbert nawafunga! Nani anapinga? Hakuna! Meza, dada! Makofi!"

"Makofi!" zikaitikia sauti nyuma yake, kambi nzima, wavuvi na watelezaji, na makofi yao yakavuka jangwa na bahari hadi Bugene.

Hapa ndani hakuna aliyepiga. Mzee Rogasian alivaa miwani yake ili aone vizuri zaidi. Mjomba Gaspari alifunika uso kwa kofia. Egbert alikuwa na punje ya kahawa ulimini, haimezeki wala haitemeki.

"Nilitaka wapatane tu," alisema hatimaye, na ilikuwa kweli, kweli tupu, lakini ilikuwa imechelewa kufika.

Bibi Auleria alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akapigapiga mkeka kando yake, mahali wanapokaa watoto wa nyumbani.

"Vua viatu, mjukuu wangu," alisema. "Njoo ukae."

Benitha aliiokota chupa iliyoanguka, akaifuta kwa kanga, akafungua nyingine. Alimwendea Egbert, akainama vile vile kama mwanzo, akampa. Safari hii vidole vyake havikuchelewa.

"Karibu soda," alisema, "kaka."